Kilomita 57: gharama na hatari ya kutuma vyombo visivyo na watu

Ilikuwa saa 8 usiku na dakika chache mjini Pasadena, California, tarehe 23 Septemba 1999. Chombo cha Mars Climate Orbiter kilikuwa kimewasha injini yake kuu ili kipunguze mwendo na kuingia kwenye mzingo wa Mirihi. Wahandisi wa JPL, maabara ya shirika la anga la Marekani NASA, walijua kwamba muda si mrefu kitapita nyuma ya sayari na mawimbi yake yatapotea kwa kitambo. Yalipotea sekunde 49 kabla ya wakati, na hayakurudi. Hesabu zilizopigwa baadaye zilionyesha kwamba chombo kilipita kilomita 57 tu juu ya uso wa Mirihi. Kilipangiwa kilomita 226. Chini ya 80 hakikuwa na namna ya kupona.

Chanzo kimesimuliwa mara nyingi. Programu ya Lockheed Martin, kampuni iliyounda chombo, ilitoa nguvu za injini ndogo za kukigeuza kwa kipimo cha pauni, na waelekezi wa JPL wakazisoma kana kwamba ni nyutoni, kipimo cha nguvu cha mfumo wa metriki. Tofauti yake ni mara 4.45. Kwetu fundi hununua mbao za mbili kwa nne, yaani inchi, na nondo za milimita 12 kwenye duka lile lile asubuhi moja, na nyumba inasimama, kwa sababu mwenye duka hachoki kuuliza: "Inchi au sentimita?" Swali hilo ndilo ambalo hakuna aliyeliuliza kwa safari ya zaidi ya miezi tisa.

Kwa nini halikuulizwa? Hapo ndipo pana somo, na habari ya pauni na nyutoni imewafanya wengi wasifike hapo. Timu ya uelekezi ilikuwa ndogo na ilihudumia vyombo vitatu kwa wakati mmoja. Waelekezi waliona kwamba namba hazikai sawa, wakasema, ila kwa mazungumzo ya pembeni na si kwa utaratibu rasmi unaomlazimisha mkubwa kujibu. Katika wiki ya mwisho makadirio ya kimo yalishuka hadi kati ya kilomita 150 na 170. Saa 24 kabla ya kufika yalikuwa 110. Ilikuwapo nafasi ya kuwasha injini mara ya tano kusahihisha njia, ikaachwa ipite. Pauni ilikuwa kosa la kibinadamu, na makosa ya aina hiyo hayatakwisha. Kilichoua chombo ni kwamba watu wa kulinasa kosa walikuwa wachache na wamechoka, na uchache wao ulitoka kwenye bajeti.

Bajeti ile haikubanwa kwa uzembe. Dan Goldin alipokabidhiwa uongozi wa NASA mwaka 1992 alikuta shirika linalojenga vyombo vikubwa, vichache, kwa miaka mingi. Mwaka uliofuata, tarehe 21 Agosti 1993, Mars Observer, iliyogharimu zaidi ya dola milioni 800, ilinyamaza siku tatu kabla ya kuingia kwenye mzingo wa Mirihi. Miaka ya kazi na matumaini ya wanasayansi wengi yakaenda kwa pigo moja. Goldin akasema tufanye haraka zaidi, bora zaidi, nafuu zaidi: tutume vyombo vidogo vingi, kimoja kikipotea vingine vipo njiani.

Nataka hoja hii ipewe haki yake, maana baada ya 1999 ilichekwa mno. Tarehe 4 Julai 1997 Mars Pathfinder ilidunda juu ya mifuko ya hewa na kutulia salama kwenye uwanda wa Mirihi. Jumla ya gharama, pamoja na roketi, ilikuwa kama dola milioni 265. Kigari chake Sojourner, kilo 10 na ushei, kilipangiwa siku 7 kikafanya kazi siku 83 za Mirihi. Lunar Prospector ilizunguka Mwezi kwa dola milioni 63 hivi na kuleta dalili za hidrojeni kwenye ncha zake. NEAR Shoemaker, ambayo haikuundwa kwa ajili ya kutua, ilitua juu ya asteroidi Eros, jiwe kubwa linalozunguka Jua, mwaka 2001. Kati ya safari 16 zilizofanywa chini ya kaulimbiu ile, 10 zilifaulu. Kwa anayejenga madaraja hiyo ni aibu. Kwa anayetaka kuijua sayari nyingine, safari 10 zilizofaulu ni utajiri.

Na unafuu haukuanza na Goldin. Watu wa Malindi wana habari yake: tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, roketi ndogo ya Scout iliondoka kwenye jukwaa la San Marco baharini na kuinua satelaiti isiyofika kilo 150, ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengwa kwa kazi moja tu ya kuchunguza eksirei kutoka angani, na iliacha orodha ya vyanzo 339. Kidogo si kinyume cha kikubwa katika elimu.

Basi kosa lilikuwa wapi? Tazama ndugu yake Orbiter, Mars Polar Lander, iliyokuwa itue karibu na ncha ya kusini ya Mirihi tarehe 3 Desemba mwaka ule ule. Ilikuwa na miguu mitatu, na kila mguu una kihisi cha kuiambia kompyuta kwamba umegusa ardhi ili injini zizimwe. Miguu ilifunguka ikiwa bado juu sana, na mtikisiko wa kufunguka unaweza kukifanya kihisi kidhani kimegusa. Programu iliihifadhi ishara hiyo ya uongo. Chombo kilipofika mita 40 kutoka chini, kompyuta ikaisoma, ikaamini imetua, ikazima injini. Hiyo ndiyo sababu inayoelekea zaidi kuwa kweli, na sitaweza kusema zaidi ya "inayoelekea", kwa sababu chombo hakikuwekewa namna ya kutuma taarifa wakati wa kushuka. Kifaa hicho kiliachwa ili kuokoa pesa na uzito. Kulikuwa na jaribio la miguu hapa duniani, ila nyaya za vihisi zilikuwa zimeunganishwa vibaya siku hiyo; zikarekebishwa, na jaribio halikurudiwa.

Hayo mawili, jaribio lisilorudiwa na chombo kinachoshuka kimya, ndiyo yanayoniuma kuliko pauni na nyutoni. Jaribio la pili lingeligundua kosa. Taarifa za kushuka zingetuambia limetokea nini ili chombo kinachofuata kisife kifo kile kile. Vilipokatwa, pesa zilizookolewa zilionekana kwenye vitabu vya hesabu kama ufanisi. Vyombo vyote viwili, pamoja na kurushwa, viligharimu dola milioni 327 hivi, na jopo la uchunguzi la Thomas Young lilisema mwaka 2000 kwamba mradi ulipewa pungufu ya angalau asilimia 30 ya kile ulichohitaji. Mtaka yote hukosa yote. Goldin mwenyewe, na kwa hili namheshimu, alikwenda JPL akawaambia wafanyakazi kwamba ni yeye aliyesukuma mno.

Anayesoma hadi hapa anaweza kuhitimisha kwamba dawa ni kulipa zaidi. Upande huo nao una ushahidi mzito. Cassini iligharimu zaidi ya dola bilioni 3, ikaishi kwenye mzingo wa Zohali miaka 13, ikatuonyesha maji yakiruka kutoka mwezi mdogo Enceladus. Ila mimi napenda kuitazama Cassini kwa jambo lililokaribia kuharibika. Ndani yake ilibeba chombo cha Ulaya, Huygens, cha kushuka kwenye mwezi Titan. Jaribio kamili la redio kati ya viwili hivyo halikufanywa kabla ya kuondoka, lilionekana ghali. Mwaka 2000, vyote vikiwa safarini, mhandisi Boris Smeds alisisitiza ishara irushwe kutoka duniani, kituo cha mawasiliano cha Goldstone, ikiigiza jinsi mawimbi yatakavyobadilika Huygens ikishuka. Redio ya Cassini ikashindwa kuisoma. Kama si jaribio lile, Huygens ingeshuka Titan ikizungumza na kiziwi.

Waliokolewa na nini? Walikuwa na miaka minne kabla ya kufika na mafuta ya ziada kwenye matangi. Wakabadilisha njia ya Cassini ili mabadiliko ya mawimbi yapungue, na tarehe 14 Januari 2005 Huygens ilitua na kutuma picha za mawe. Kwa hiyo mradi ghali nao ulibana jaribio, kama ule wa bei nafuu. Tofauti ni kwamba ulikuwa na mahali pa kusogea. Hapo ndipo ninapoona kiini cha suala zima: pesa hainunui usalama, inanunua nafasi ya kukosea na kujirekebisha. Mradi ghali huiweka nafasi hiyo ndani ya chombo: mafuta ya akiba, mfumo wa pili, muda. Mradi nafuu huiweka nje, kwenye chombo kinachofuata. Kilichoangamia mwaka 1999 hakikuwa na akiba ya kutosha ndani, wala hakikuwekewa njia ya kumfundisha ndugu yake.

Ukipima hivyo, India inaeleweka vizuri zaidi kuliko kwa kusema tu kwamba "wanafanya rahisi". Mangalyaan ilifika Mirihi tarehe 24 Septemba 2014 kwa dola milioni 74 hivi, siku chache baada ya MAVEN ya Marekani iliyogharimu kama milioni 671. Si haki kulinganisha bei hizo bila kutaja kwamba Mangalyaan ilibeba vifaa vya utafiti vya kilo 15 tu, na kwamba mshahara wa mhandisi wa Bengaluru si wa Colorado. Kilichonivutia ni walichofanya baada ya kuanguka. Septemba 2019 chombo cha kutua cha Chandrayaan-2 kiligonga Mwezi. Lakini kilikuwa kikizungumza karibu hadi mwisho, kwa hiyo walijua: injini tano zilisukuma kupita kiasi na makosa yakajilimbikiza, huku chombo kikilazimishwa kwenye kiwanja cha mita 500 kwa 500. Chandrayaan-3 ikapewa injini nne, miguu imara zaidi, mafuta zaidi, na kiwanja cha kilomita 4 kwa 2.4. Ilitua tarehe 23 Agosti 2023, siku nne baada ya Luna-25 ya Urusi kuanguka. Ukijumlisha safari zote mbili, bado ni nafuu, na ile ya kwanza ilikuwa ada ya shule.

Gharama kubwa nayo huzaa hatari yake, na hii haisemwi vya kutosha. Chombo kikiwa cha pekee kila mtu anaogopa, kila hofu inaongezewa ukaguzi, kila ukaguzi unaongeza miezi, na miezi ni mishahara. Mpango wa kuleta sampuli za Mirihi duniani ulifikia makadirio ya dola bilioni 11 na kurudi mwaka 2040, hadi mkuu wa NASA wa wakati huo, Bill Nelson, akasema Aprili 2024 kwamba hilo halikubaliki. Wakati huo mirija 10 ya sampuli iliyowekwa chini na kigari Perseverance ilikuwa imelala kwenye vumbi ikingoja. Huko nako ni kushindwa, ila hakuna mlipuko wa kutangaza.

Sisemi kila ongezeko ni ubadhirifu. InSight, chombo cha kusikiliza mitetemeko ya Mirihi, ilikuwa iondoke Machi 2016. Kipima mitetemeko chake kikakutwa kinavuja. Wakaahirisha miaka miwili na kulipa kama dola milioni 150 zaidi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kule hakuna wa kujenga ukuta. InSight ilitua Novemba 2018 na kusikia matetemeko ya Mirihi.

Leo NASA imerudi kwenye unafuu kwa njia nyingine: inalipia mizigo kwa kampuni binafsi zinazotua Mwezini, ikijua nyingine zitaanguka. Peregrine haikufika, Odysseus ilitua Februari 2024 ikalala ubavu, Blue Ghost ikasimama wima Machi 2025. Naukubali mpango huu maadamu kampuni zinarudia na zinasimulia kilichotokea. Sikubali unafuu wa kumpa mtu chombo kimoja, kisicho na ndugu, kisha kukiita jaribio. Lunar Trailblazer, iliyokuwa ichore ramani ya maji ya Mwezi, iliondoka tarehe 26 Februari 2025 na kupoteza mawasiliano siku iliyofuata. Hakukuwa na ya pili. Ningekuwa na sauti kwenye kikao cha bajeti ningeuliza kwanza: kikipotea hiki, kinachofuata kiko wapi, na tutajuaje kimepotea kwa nini? Asiye na majibu hayo aongezewe pesa, au asirushe.

Ndugu wa tatu wa vyombo vile vya Mirihi alikuwepo. Chombo cha kutua kilichokusudiwa kuondoka 2001 kilifutwa baada ya ajali na kuwekwa stoo. Miaka michache baadaye kilitolewa, kikafunguliwa, kikajaribiwa upya kwa kufuata makosa ya Polar Lander, kikapewa redio ya kuzungumza wakati wa kushuka na jina jipya, Phoenix. Tarehe 25 Mei 2008 kilitua karibu na ncha ya kaskazini, kikituma taarifa njia nzima. Wiki tatu baadaye mkono wake ulichimba mfereji mfupi, na chini yake vikaonekana vipande vyeupe vyenye ukubwa wa dadu. Kamera ikapiga picha. Siku nne za Mirihi baadaye ikapiga tena, na vipande havikuwepo: vilikuwa barafu, vimegeuka mvuke.