Dripu ya mtoto mgonjwa: sodiamu ngapi, na maji kiasi gani?

Mwaka 1957 Holliday na Segar, madaktari wa watoto wa Marekani, walichapisha hesabu ya maji ya dripu kwa siku ambayo madaktari wengi wa watoto wanaijua kwa kichwa hadi leo: mililita 100 kwa kila kilo katika kilo 10 za kwanza, 50 kwa kila kilo katika 10 zinazofuata, kisha 20 kwa kila kilo inayozidi hapo. Mtoto wa kilo 14 asiyeweza kunywa anapata mililita 1200 kwa siku, yaani 50 kwa saa. Sodiamu, yaani madini yaliyomo katika chumvi, waliikadiria kwa kulinganisha na ile anayoipata mtoto katika maziwa ya mama na ya ng'ombe, wakafikia takriban milimoli 30 (kipimo cha kiasi cha madini) kwa lita. Damu ina 135 hadi 145.

Hapo ndipo ubishi ulipoanzia. Chupa ya glukosi (sukari) yenye sodiamu kidogo inadanganya macho: kabla haijaingia mwilini ina uzito wa kutosha, lakini glukosi ikishatumika kinachobaki ni maji mepesi, yaani yenye sodiamu pungufu kuliko damu. Katika zile mililita 1200, karibu lita nzima inakuwa maji matupu. Mtoto mzima wa afya angeyakojoa. Mgonjwa hawezi, kwa sababu maumivu, kichefuchefu, nimonia, homa ya uti wa mgongo na hata upasuaji wenyewe huamsha homoni inayozuia mkojo. Maji yanabaki, sodiamu inashuka, ubongo unavimba. Ubongo wa mtoto umelijaza fuvu kuliko wa mtu mzima, kwa hiyo nafasi ya kuvimba ni finyu. Kinachotisha zaidi ni kwamba dalili za mwanzo, yaani kichwa kuuma, kutapika na kusinzia, zinafanana na ugonjwa uliomleta wodini. Wengine hushtuka degedege likishaanza.

Moritz na Ayus, madaktari wa figo, walipendekeza mwaka 2003 kwamba watoto wapewe maji yenye sodiamu inayolingana na ya damu. Mwaka 2007 Uingereza iliagiza maji ya chumvi ya asilimia 0.18 yaondolewe katika wodi za kawaida. Kisha ukaja utafiti wa Melbourne, 2015, uliolinganisha sodiamu 140 na 77: walioshuka sodiamu walikuwa asilimia 4 upande wa kwanza na 11 upande wa pili. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kikafuata mwaka 2018 na mwongozo wenye ushauri huohuo kwa umri wa siku 28 hadi miaka 18.

Watetezi wa maji mepesi hawakuwa wajinga. Yule mtoto wa kilo 14 akipewa maji ya chumvi ya asilimia 0.9, anapokea takriban milimoli 185 za sodiamu kwa siku badala ya 36. Waliuliza kama figo zitamudu na kama sodiamu haitapanda kupita kiasi. Tafiti hazikuonyesha hatari hiyo ikiongezeka kwa watoto wa kawaida wa wodini. Mimi naona hoja yao ya sodiamu imeshindwa, ila wasiwasi wao juu ya kumimina bila kufikiri ungali hai.

Chukua kloridi, sehemu ya pili ya chumvi. Chupa ya asilimia 0.9 ina kloridi 154, damu ina kama 100, na kiasi kikubwa kinaweza kuitia damu asidi. Ndiyo maana wengi wanapenda maji yaliyosawazishwa, yaani ambayo madini yake yanakaribia ya damu, kama Ringer's lactate, ingawa sodiamu yake ni 130 tu na glukosi lazima iongezwe. Potasiamu nayo husahaulika. Utafiti wa Finland wa mwaka 2021 uliwapa watoto maji yaliyosawazishwa yenye potasiamu 5 kwa lita, wengine maji mepesi yenye potasiamu 20. Matatizo ya elektroliti (madini ya damu kama sodiamu na potasiamu) yalikuwa mengi zaidi kwa kundi la kwanza, hasa potasiamu kushuka. Wapo waliousoma kama ushindi wa maji mepesi. Kwangu, unaonyesha zaidi kwamba chupa iliyopata sodiamu sahihi bado inaweza kukosa kitu kingine.

Ujazo ndio unaonikera zaidi, kwa sababu mjadala wa chupa umeufunika. Ile hesabu ya 1957 ni ya mtoto anayekojoa kawaida. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2022 kwa watoto wenye ugonjwa wa ghafla na mahututi unashauri asilimia 65 hadi 80 ya hesabu hiyo pale ile homoni inayozuia mkojo inapotarajiwa kupanda. Kwa mtoto wetu ni mililita 780 hadi 960. Sodiamu ikiwa sahihi lakini maji yakazidi, bado anavimba. Kinachobadilika ni mahali pa kuvimba: mwili badala ya ubongo.

Wapo ambao kanuni ya sodiamu inayolingana na ya damu haiwahusu: vichanga, wenye maradhi ya moyo, figo au ini, waliofanyiwa upasuaji wa ubongo, walioungua vibaya, wanaoharisha majimaji mengi. Hao hupangiwa kivyao. Waliobaki wapimwe uzito na elektroliti wakati dripu inaendelea, mkojo uandikwe, na dripu ipunguzwe kadiri mtoto anavyorudi kunywa. Dripu nyingi huachwa zikitiririka siku nzima baada ya kikombe cha kwanza kukaa tumboni, kwa sababu tu hakuna aliyekumbuka kuzifunga.