Alfa ya 0.05 haiongezi uzito wa ushahidi

Mwaka 2009 yalitangazwa matokeo ya RV144, jaribio la chanjo ya VVU lililofanyika Thailand kwa watu zaidi ya 16,000. Chanjo ilipunguza maambukizi kwa asilimia 31.2, p (uwezekano wa kuona tofauti kubwa kama hiyo au zaidi iwapo chanjo haina athari) ikiwa 0.04. Alfa, yaani kikomo ambacho p inapaswa kuwa chini yake, ilikuwa 0.05, basi nadharia tete sifuri (dhana kwamba chanjo haina athari) ikakataliwa na wengi wakaishia hapo.

Tuziangalie namba zenyewe. Walioambukizwa walikuwa 51 kwa waliochanjwa na 74 kwa waliopewa chanjo bandia. Hesabu hiyo iliwaacha nje watu 7 waliobainika kuwa na virusi tangu walipoandikishwa. Kuwaacha kuna mantiki, sibishi. Lakini ukiwarudisha, p inapanda hadi 0.08, ukiwahesabu waliofuata ratiba ya dozi kikamilifu tu, inafika 0.16. Ushahidi unaoyumba hivyo kwa kubadilisha tu nani anahesabiwa ni mwembamba, hata ukiwa umevuka mstari wa 0.05.

Alfa ni hatari ya kukataa nadharia tete sifuri iliyo kweli, na hupangwa kabla ya kukusanya data. Anayeipandisha hadi 0.10 baada ya kuona p ni 0.08 hajapata ushahidi mpya, amejihurumia tu. Wala p ya 0.04 haimaanishi kwamba uwezekano wa chanjo kutofanya kazi ni asilimia 4. Kuna kanuni rahisi ya kukadiria uzito wa juu kabisa ambao p inaweza kubeba dhidi ya nadharia tete sifuri: gawa 1 kwa (−e × p × ln p), ambapo e ni takriban 2.718 na ln ni logi asilia. Kwa 0.04 unapata takriban 2.9 kwa 1. Kwa 0.005, karibu 14 kwa 1.

Ndiyo maana naunga mkono alfa ya 0.005 kwa madai mapya, ingawa bei yake si ndogo: kwa nguvu ileile ya asilimia 80 (uwezekano wa kugundua athari iliyopo kweli), sampuli huongezeka kwa takriban asilimia 70 kuliko kwa alfa ya 0.05.

Chanjo ya aina hiyo, ikiwa imerekebishwa kulingana na virusi vya huko, ilijaribiwa Afrika Kusini. Mwaka 2020 utoaji wake ulisimamishwa: maambukizi 129 kwa waliochanjwa, 123 kwa wenzao. Marekebisho yale huenda yana sehemu yake katika kushindwa huko. Hata hivyo ripoti ya Thailand ilikuwa na onyo tayari, kwa msomaji aliyevuka neno "umaana" (yaani p kuwa chini ya alfa): masafa ya uhakika ya asilimia 95, yaani viwango vya kinga vinavyopatana na data, yalianzia kinga ya asilimia 1.1 hadi 52.1.