Mental (2012): mama kaachwa wodini, filamu imekimbilia vituko

Nimeimaliza juzi Mental ya P.J. Hogan, komedi ya Australia, na imeniuma maana nilitaka sana niipende. Hogan, mwongozaji, na mwigizaji Toni Collette ndo wale wa filamu ya Muriel's Wedding ya 1994, wamekutana tena baada ya miaka 18, na stori yenyewe Hogan kaitoa nyumbani kwao: mama yake aliugua akalazwa, baba mwanasiasa hakutaka watu wajue, akampakia mdada aliyekuwa anaomba lifti barabarani aje alee watoto.

Mwanzo mzuri jamani. Shirley anaanika nguo uani huku anaimba wimbo wa ile filamu ya The Sound of Music kwa sauti yote, ana mabinti watano na aibu inawamaliza. Unacheka, halafu unamwangalia yule mama usoni kicheko kinakata. Mara mumewe Barry anamlaza hospitali ya akili na watu wanaambiwa kaenda likizo. Hapo nilisimamisha filamu. Mama mdogo alipolazwa tulifundishwa kusema kaenda kijijini kumuuguza bibi, ndugu wakizidi kuuliza ikawa malaria imempanda kichwani, mi nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa naujibu huo uongo dukani huku nahesabu chenji.

Sasa Hogan huo uongo anao mkononi kabisa halafu anauacha, anaingia Shaz, yule mdada wa lifti (ndo Collette), na mbwa wake na kuanzia hapo ni kelele, vituko vya papa wa baharini, na kuchafua makochi meupe ya jirani.

Wanaoitetea wana hoja lakini, tena nzito. Aliyeishi haya mambo ana haki ya kuyacheka, na nyumba yenye mgonjwa haikai kama msibani kila siku, hata sisi siku mama mdogo alipowakaribisha kuku sebuleni na kuwauliza kama watakunywa chai tulicheka mpaka machozi na yeye akacheka na sisi. Halafu wale mabinti kila mmoja anaamini na yeye ni chizi, anakuja Shaz, mtu mzima, anawaambia hata yule jirani anayesugua nyumba kutwa naye ana lake. Kwa mtoto anayelala na hofu kwamba kairithi hiyo kitu, hayo maneno ni dawa, na ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Tatizo Shaz mwenyewe ni mgonjwa na filamu inamtumia kama mashine ya vichekesho tu, akifoka tucheke, akivunja tucheke, halafu mwishoni ghafla tunatakiwa tumuogope na tumlilie wakati hatujawahi kukaa naye kimya hata dakika mbili. Collette kajitoa kweli ila kaandikiwa kupiga kelele. Rebecca Gibney aliyecheza Shirley ndo kabeba moyo wa filamu nzima, na yeye ndo kafungiwa wodini tunamuona kwa kuibia.

Ningetoa vituko vyote vya papa nipewe dakika tano tu za hao mabinti wanaulizwa mama yuko wapi. Mama mdogo aliporudi tulienda naye dukani, mwenye duka akamuuliza, "Vipi, bibi kapona?" Alinitazama mimi kwanza, mkono wake ukiwa begani kwangu, ndo akajibu, "Hajambo sasa."