Rubani hatui peke yake

Mwandishi wa makala ya helikopta kamsifu rubani tu kwa kuitua kwenye meli inayoyumba, kasahau waya na mtego vinavyoivuta na kuinasa. Wanamaji wa Kanada ndio walioanza mambo haya miaka ya 1960, ili helikopta ya Sea King, dude la tani 9 hivi, liweze kutua kwenye manowari ndogo huko Atlantiki. Helikopta hushusha kamba nyembamba, mabaharia hufunga waya mzito, kisha winchi ya meli huivuta helikopta taratibu mpaka chuma cha tumboni kinaswe sitahani. Mtego wenyewe uliitwa Beartrap, mtego wa dubu! Na wale vijana wa chini, kabla hawajashika kamba, huigusa kwanza kwa fimbo maalumu ya kuondoa umeme unaojikusanya kwenye helikopta. Bila hivyo, shoti yake si mchezo. Hao mbona hawakutajwa?