Mzee wa miaka 80, saratani ya tumbo, na swali la matundu au kisu

Baba mkubwa alitolewa saratani ya tumbo akiwa na miaka 76. Alipasuliwa kutoka chini ya kifua mpaka kitovuni, na siku ya tatu nilimpata wodini amekumbatia mto kwa tumbo ndio ajaribu kukohoa. Hakuweza, uchungu ulikuwa mwingi, kohozi likabaki kifuani akashikwa na nimonia, tukakaa hapo wiki mbili tukihesabu pumzi zake.

Sasa jirani yetu hapa Nakuru, mama wa miaka 80, amepatikana na ugonjwa huohuo. Watoto wanataka ile oparesheni ya kamera, ndugu yake anasema mzee hapasuliwi, aachwe apumzike.

Mimi naelewa watoto. Matundu kama matano hivi ya kupitishia kamera na vifaa, halafu mkato mdogo wa kutolea kipande cha tumbo, mgonjwa anavuta pumzi vizuri na anatoka kitandani mapema, na kwa mtu wa umri huo mapafu ndio vita yenyewe. Halafu si ati saratani inabaki ndani. Korea Kusini walilinganisha wagonjwa zaidi ya 1,400 wa hatua ya kwanza, baada ya miaka 5 walio hai walikuwa asilimia 94.2 kwa kamera na 93.3 kwa kisu. China wakajaribu kwa ugonjwa uliokomaa zaidi, matokeo ya miaka 3 yakakaribiana pia.

Lakini ule utafiti wa China haukuchukua watu wa zaidi ya miaka 75, na Uholanzi walipolinganisha, siku za kukaa hospitali zilitoka sawa, 7 kwa 7. Tena kamera inachukua muda mrefu, na tumbo linajazwa hewa ya kaboni inayosukuma mapafu juu na kuupa moyo kazi, sasa kama moyo wake ni dhaifu hapo lazima mtu wa nusukaputi asikizwe kwanza. Na huku kwetu watu wanafika wamechelewa, mtu amekunywa dawa ya alsa, yaani vidonda vya tumbo, mwaka mzima, uvimbe umeshikana na kongosho, hapo daktari akiamua kufungua tumbo msimlaumu.

Kwangu kitu kikubwa ni mkono wa daktari. Ulizeni amefanya ngapi za tumbo kwa kamera, si za nyongo, kwa sababu kuondoa tezi zote zinazozunguka tumbo na kuunga utumbo ni kazi nyingine kabisa, na ule muungo ukivuja hauulizi ngozi ilikatwa kiasi gani. Kama amezoea kisu, heri kisu chake.

Ila kumwacha kwa sababu ya miaka tu, hapo nakataa. Huyu mama mpaka mwezi jana alikuwa akienda soko la Wakulima kwa mguu na kurudi na kikapu. Kilichomwangusha ni kutokula, amekonda sana, na daktari amesema kabla ya kuongea mambo ya tarehe alishwe vizuri wiki mbili. Binti yake ameanza na uji wa maziwa, kikombe kidogo kila baada ya saa mbili.