Damu ni Yetu, Uamuzi ni wa Washington

Juzi asubuhi nilikuwa kwenye matatu ya Ngong Road, redio imefunguliwa hadi mwisho, na mheshimiwa mmoja akawa anahojiwa kuhusu misaada ya afya iliyokatwa na Marekani. Akasema wanasayansi wa Kenya wamelia mwaka mzima kwa sababu marupurupu ya wazungu yamekauka, na kwamba mwananchi wa kawaida hajapoteza chochote. Mtangazaji akacheka. Abiria wawili watatu nao wakacheka. Nilishuka kabla ya kituo changu kwa hasira, na tangu siku hiyo nimekuwa nikipanga namna ya kumjibu.

Mimi ni mtafiti wa maabara hapa Nairobi. Kazi yangu ni kuchunguza jinsi mwili unavyojikinga na virusi, na kazi hiyo haifanyiki bila watu wanaokubali kukunja mkono wa shati na kutoa damu. Hao ndio mheshimiwa aliowasahau.

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Siku chache baadaye barua za kusitisha kazi zikaanza kuingia kwenye barua pepe zetu. Wengi wanakumbuka kelele kuhusu dawa za kupunguza makali, na ilikuwa haki zipigwe, maana nchi hii ina watu wapatao milioni 1.4 wanaoishi na VVU na mtu hawezi kusubiri siku 90 bila dawa. Upande wa utafiti haukuzungumzwa sana. Barua zile hazikutuambia tuwamalizie washiriki tulionao ndipo tufunge. Zilituambia tuache, papo hapo.

Fomu ya ridhaa, ile ambayo kila mshiriki hutia saini kabla hatujamtoa hata tone moja, ina sehemu mwishoni yenye namba ya simu ya mtafiti na ya kamati ya maadili, na maneno yanayosema ukiwa na swali au tatizo lolote, piga. Huwa tunaisoma kwa sauti. Kwa asiyejua kusoma tunaita shahidi asiye wa upande wetu, mshiriki anachovya dole gumba kwenye wino, shahidi anatia saini. Mimi huichukulia shughuli hiyo kama kiapo, na kiapo chenyewe ninakula mimi, si yeye.

Basi walipiga simu. Mama mmoja wa Pumwani, ambaye alianza kuja kliniki kifungua mimba wake akiwa bado wa mgongoni na sasa kijana huyo yuko sekondari, aliniambia, "Daktari, nimefika nikakuta geti limefungwa. Soja anasema mradi umeisha. Mbona hamkutuambia?" Ananiita daktari ingawa sijawahi kumwandikia mtu dawa. Nikamweleza kwamba Marekani wamesimamisha pesa. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Kwani damu tulikuwa tunawapa Wamarekani, ama tulikuwa tunakupa wewe?"

Sikuwa na jibu. Na hilo ndilo swali ambalo mtangazaji angemuuliza mheshimiwa badala ya kucheka.

Sisi hatukupata mabaya zaidi. Afrika Kusini kulikuwa na wanawake waliowekewa pete ya majaribio ukeni, iliyokusudiwa kuzuia mimba na VVU kwa pamoja, na watafiti ikabidi waamue kuwatoa pete hizo ilhali barua inawakataza kufanya kazi. Walizitoa. Ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo na kusubiri adhabu. Mradi wa BRILLIANT, ulioongozwa na Profesa Glenda Gray na kuunganisha watafiti wa nchi nane za Afrika, Kenya ikiwemo, ulikuwa karibu kuanza majaribio ya chanjo ya VVU. Ruzuku yake ya USAID, lile shirika la misaada la Marekani, ya zaidi ya dola milioni 45, ikafutwa. Hiyo ilikuwa chanjo ya kujaribiwa Afrika na kuongozwa na Waafrika wenyewe, jambo tulilolililia kwa miaka mingi.

Mwishoni mwa Januari hiyohiyo Rais mstaafu Uhuru Kenyatta, akiwa Mombasa, aliuliza kwa nini watu wanalia wakati Trump si rais wao wala hawalipi ushuru Marekani. Maneno yale yaliniuma, lakini nakiri kwa shingo upande kwamba alisema kweli. Mlipa ushuru wa Ohio hana deni na mama wa Pumwani. Mwenye deni ni sisi.

Ila Uhuru naye ana la kujibu. Januari 2013, wiki chache kabla ya uchaguzi, Rais Kibaki alitia saini Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu. Sheria hiyo iliunda Hazina ya Kitaifa ya Utafiti na kuagiza kwamba kila mwaka wa fedha itengewe asilimia 2 ya pato la taifa. Sheria imeandikwa hivyo waziwazi. Uhuru akaingia Ikulu Aprili mwaka huohuo, akakaa miaka kumi kasoro, na serikali yake haikuwahi hata kuikaribia asilimia hiyo. Ya sasa haijaikaribia pia. Kila Juni waziri anapanda ngazi za Bunge na mkoba wake, anasoma bajeti ya matrilioni, na sheria ya nchi inavunjwa mchana kweupe bila mbunge mmoja kusimama. Azimio la Abuja la mwaka 2001, lile la viongozi wa Afrika kuahidi asilimia 15 ya bajeti zao kwenda afya, nalo liko palepale tulipoliacha.

Watu hudhani ninapodai pesa za serikali nadai mishahara. Mishahara ni jambo dogo. Anayelipia utafiti ndiye anayechagua swali, ndiye anayeamua lini tuache, na mara nyingi ndiye anayebaki na matokeo. Hili Nairobi tunalijua kuliko mji wowote wa Afrika, kwa sababu ya Majengo.

Tangu katikati ya miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada walifuatilia afya ya wanawake waliofanya biashara ya ngono kule Majengo, Pumwani. Wakati dunia nzima inaogopa hata kumgusa mgonjwa wa UKIMWI, wanawake wale walikuja kliniki, wakatoa damu, wakarudi tena na tena kwa miaka. Ikagundulika kwamba baadhi yao, licha ya kukutana na virusi mara nyingi mno, hawakuambukizwa. Seli zao za kinga zilivitambua virusi na kuviua. Ugunduzi huo ulibadilisha fikra za wanasayansi kuhusu chanjo ya VVU kote duniani, na chanjo moja ikatengenezwa kwa msingi wake kwa ushirikiano wa Nairobi na Oxford. Kisha mwaka 2000 ikabainika kwamba wenzetu wa Oxford wameomba hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, bila kuwashirikisha watafiti wa Nairobi. Kukawa na vuta nikuvute hadi makubaliano yakarekebishwa na Nairobi ikapewa sehemu yake. Chanjo yenyewe haikuamsha kinga ya kutosha ilipojaribiwa, kwa hiyo ugomvi ule ukasahaulika. Mimi sijausahau. Laiti ingefaulu, tungekuwa tunazungumza leo kuhusu mabilioni.

Na kuchagua swali je? Kala-azar, ugonjwa wa vimelea unaoenezwa na usubi, inaua watu Baringo, Turkana na Pokot Magharibi. Tiba iliyozoeleka hapa kwetu ni sindano mbili kila siku kwa siku 17. Mtoto wa miaka mitano anadungwa mara 34, na mama yake amelala sakafuni kando ya kitanda kwa sababu nyumbani ni mwendo wa siku nzima. Anayeijua wodi hiyo hawezi kukubali kwamba hilo si swali la kwanza la sayansi ya Kenya. Lakini vijana wangu wanapokaa kuandika ombi la ruzuku, wanafungua kwanza tovuti ya mfadhili kuona mwaka huu anapenda nini. Siwalaumu, kwani wana watoto wa kulisha, na mimi ndiye niliyewafundisha kuandika hivyo.

Turudi kwa sampuli za damu tulizopewa na washiriki wetu. Tuna friza za nyuzi 80 chini ya sifuri, na matangi ya naitrojeni ya maji ambayo lazima yaongezwe kila mara kwa sababu naitrojeni huvukiza hata usipofungua kifuniko. Ndani mna vichupa vya plastiki vidogo kama ncha ya kidole, kila kimoja na namba badala ya jina. Stima ikipotea, jenereta inawaka, na jenereta inataka dizeli. Kengele ya hatari inapiga simu ya fundi wetu wa maabara. Mkataba wake uliisha pamoja na mradi, na bado Jumapili usiku akipigiwa anapanda matatu kutoka Kayole kwa nauli yake mwenyewe, anafika, anahamisha vichupa friza moja hadi nyingine huku mikono imekufa ganzi. Hakuna anayemlipa. Anafanya hivyo kwa sababu anawajua wenye damu ile kwa sura. Friza moja ikiyeyuka, miaka ya wanawake wale inaishia kwenye beseni la kuoshea, na hakuna ruzuku duniani inayoweza kuinunua tena. Nchi inayotumia magari ya kifahari kwenda kwenye matanga imeshindwa kununua dizeli hiyo.

Marekani si peke yake. Uingereza imetangaza kushusha misaada yake hadi asilimia 0.3 ya pato lake ifikapo 2027, na Mei 2025 NIH, taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili utafiti wa afya, ikasimamisha utaratibu wa vyuo vya Marekani kugawa ruzuku zake kwa washirika wa nje.

Halafu ikaja Desemba. Tarehe 4 Desemba 2025 Kenya ilitia saini Washington mkataba wa afya wa miaka mitano wa dola bilioni 2.5, Marekani ikiahidi hadi bilioni 1.6 na sisi tukiahidi kuongeza matumizi yetu kwa milioni 850. Wiki moja baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda utekelezaji wa sehemu inayohusu kuhamisha data za afya za Wakenya. Nafurahia kila dola itakayomfikia mgonjwa. Nafurahia zaidi kwamba kuna jaji aliyetaka kujua data ni za nani. Swali lake na la mama wa Pumwani ni lilelile.

Wapo watakaosema tukiwaachia wanasiasa wafadhili utafiti, wataugeuza jukwaa la kampeni. Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 1990 Kemron ilizinduliwa na Rais Moi kama dawa ya UKIMWI iliyovumbuliwa na KEMRI, taasisi yetu ya utafiti wa tiba, taifa zima likashangilia, wagonjwa wakaja hadi kutoka ng'ambo, na majaribio yaliyofanywa baadaye yakaonyesha kwamba haifanyi kazi. Mwaka 2014 chanjo ya pepopunda ikaingizwa kwenye mabishano ya maaskofu na serikali hadi akina mama wakaogopa kudungwa. Pesa za utafiti lazima zigawanywe na majopo ya wanasayansi, kwa ushindani, mbali na mkono wa waziri yeyote.

Na wapo watakaoniuliza, kwa haki kabisa, kwa nini nidai friza wakati hospitali hazina glavu na mwaka 2024 madaktari walikaa kwenye mgomo siku 56. Sina jibu jepesi. Ninachojua ni kwamba hospitali hiyohiyo inatibu kwa kutegemea majibu ambayo mtu aliyatafuta. Kule Kisumu, wanaume 2,784 walikubali kushiriki jaribio la tohara, likasimamishwa mapema Desemba 2006 kwa sababu faida ilikuwa wazi mno kuendelea, maambukizi ya VVU yakiwa yamepungua kwa zaidi ya nusu. Kufikia 2008 serikali ilikuwa na mpango wa kitaifa. Sijui ni glavu ngapi na vitanda vingapi vingehitajika bila wanaume wale, lakini najua ni vingi.

Sidai asilimia 2 Juni hii. Naomba mambo mawili. Hazina Kuu ya serikali itenge fungu dogo, lisiloguswa, la kuhakikisha hakuna utafiti kwa Wakenya unaokatika bila washiriki kuambiwa, kutibiwa na sampuli zao kutunzwa. Na kamati zetu za maadili zisipitishe tena itifaki ya mfadhili wa nje yeyote kabla pesa za kufungia mradi hazijawekwa kwenye akaunti hapa nchini. Ahadi kwenye karatasi tumeshaona thamani yake. Wafadhili watanung'unika, na mmoja au wawili watapeleka miradi yao nchi jirani. Niko tayari kuikosa miradi hiyo, hata kama mmojawapo ni wangu.