Mpunga Ukibeba Mimba

Kiswahili kimeupa mmea mmoja majina matatu. Shambani ni mpunga, ukishakobolewa ni mchele, ukishaiva ni wali, na mtoto wa miaka minne hakosei. Waindonesia nao wana padi, beras na nasi. Wajapani wana ine, kome na gohan. Nilipoyajua haya nilihisi kama nimekutana na ndugu tuliyepoteana naye zamani, na kwa kiasi fulani ni kweli. Mpunga wa Kiasia ulitufikia kwa bahari, na wanaakiolojia wamezikuta punje zake katika miji ya kale ya Pemba, kisiwa nilichozaliwa.

Lipo na neno la nne, na hilo ndilo lililonifanya niandike. Shina la mpunga likituna kabla suke halijachomoza, wakulima wetu husema mpunga umebeba mimba. Husema tu, kisha wanaendelea kupalilia. Waindonesia nao husema hivyohivyo, padi bunting, ila kwa wengi wao ukishalitamka neno hilo una la kufanya. Katika kisiwa chao cha Bali kuna ibada ya kipindi hicho, biukukung, ambapo sadaka hupelekwa shambani kwa ajili ya mpunga ulio mjamzito. Magharibi mwa kisiwa cha Java kuna wakulima wanaoupelekea matunda machachu yaliyokatwakatwa na kutiwa viungo, maana mwenye mimba hutamani vya uchachu.

Habari kama hizi nimezisoma mara nyingi, na karibu kila mara husimuliwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni dharau: watu wa Asia wanaabudu nafaka, ushirikina mtupu. Ya pili ni ya kitalii: picha ya mashamba ya ngazi yaliyokoza ukijani, mwanamke mwenye kikapu cha maua kichwani, basi. Zote mbili zinaniudhi, kwa sababu zote mbili zinamwangalia mkulima kama mtu asiyejua anachofanya.

Chukua kile kisu cha kuvunia cha Waindonesia, ani-ani. Ni kibao chembamba kinachoenea kiganjani, chenye wembe mfupi uliopachikwa ukingoni. Mvunaji, aghalabu mwanamke, hukifumbata ndani ya kiganja hadi wembe ukawa unachungulia tu kati ya vidole. Anavuta bua kwa vidole hivyohivyo, anakata suke. Moja. Kisha jingine. Mkono ukijaa anafunga mganda. Kwa mundu, jaruba hilo lingekwisha upesi sana. Lakini wazee walifundisha kwamba mpunga una roho, na roho hiyo ikiona chuma kikubwa kinaijia itatishika na kukimbia, na mavuno hayatakuwa na baraka. Kwa hiyo wembe hufichwa.

Sasa fikiria mkono uliopita suke kwa suke shamba zima. Mkono huo umelijua suke lililokomaa na lile lisilokomaa bado, kwani mpunga wa asili haukomai wote kwa siku moja. Umejua ndege walipoingilia, na lipi lina punje nene za kuwekwa mbegu ya mwakani. Kumwogopesha mgeni wako hutaki, kwa hiyo unamkaribia polepole, na ukimkaribia polepole unamwona vizuri. Mimi sioni ushirikina hapo. Naona watu waliojifunza kutazama.

Roho hiyo ina jina. Huko Bali na Java huitwa Dewi Sri. Ziko simulizi nyingi juu yake na hazifanani, lakini katika zile zinazopendwa na watu wa Java ni msichana aliyekufa kwa kuonewa, akazikwa, na kaburini mwake ikaota mimea ya kuwalisha wanadamu. Kichwani uliota mnazi. Kitovuni, husema baadhi ya wasimulizi, uliota mpunga. Mtu wa pwani hawezi kuisikia hiyo akakaa kimya: nazi na mchele, mwili mmoja! Na kweli Java wanao wali wao wa tui la nazi, sega gurih, unaopikwa kwenye slametan, ile shughuli ya dua na kula pamoja, na huko unahusishwa na kumkumbuka Mtume. Nani kati yetu hajala wali wa maulidi?

Mimi ni Mwislamu, na ibada yangu haiendi kwa Sri. Wakulima wengi wa Java nao ni Waislamu, na bado humwita Mbok Sri, yaani mama Sri, na kabla ya kuvuna hufanya wiwitan, shughuli ndogo ya kufungulia mavuno. Masheikh wao wamebishana juu ya hilo kwa vizazi, na ubishi huo nauacha kwao. Ninachokitambua ni ule mkono wa heshima, kwa sababu nimelelewa nao. Mama yangu akichagua mchele kwenye ungo, chuya huku, vijiwe kule, punje ikiruka ikaangukia nje ya mkeka alisimamisha kazi. "Okota, mwanangu, riziki haikanyagwi." Punje moja! Nami nilikuwa natambaa sakafuni kuitafuta. Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba Wajapani nao huwaambia watoto wao wasibakishe punje bakulini, kwa kuwa kila punje inakaa miungu saba. Mama hakuwa na habari ya miungu saba, ila sauti ile naijua.

Nataka kukaa zaidi Bali, kwa sababu huko heshima hii ilijengewa mahekalu, kisha ikatiwa majaribuni mbele ya dunia nzima.

Juu kabisa, kwenye ukingo wa kasoko ya volkano ya Batur, lipo hekalu la Ulun Danu Batur, la mungu wa kike wa ziwa, Dewi Danu, anayeaminiwa kuwa ndiye mwenye maji. Mlima ulilipuka mwaka 1926 na kulifukia hekalu lile la zamani pamoja na kijiji chake, na watu wakalijenga upya juu zaidi. Kutoka hapo mahekalu mengine hushuka pamoja na mito, dogo hapa, dogo pale, penye banio na penye mgawanyiko wa mfereji. Wakulima wanaotumia maji ya mfereji mmoja ni jumuiya moja, iitwayo subak. Kwa hesabu za UNESCO ziko kama 1,200, kila moja ikiwa na wakulima kati ya 50 na 400, na utaratibu huo umekuwapo tangu karne ya 9.

Mtihani wao ni huu. Mashamba ya eneo moja yakivunwa pamoja na kupumzishwa pamoja, wadudu na panya hukosa chakula kila upande na hufa. Lakini wote wakipanda kwa pamoja, wote watahitaji maji kwa pamoja, na mto hautoshi. Aliye juu ya mto anaweza kujifungulia maji yote, nani atamzuia? Hazuiwi na askari. Anajua kwamba jirani wa chini akikosa maji atapanda kwa wakati wake mwenyewe, na wadudu wa shamba lile hawatahitaji mwaliko kupanda mlima kuja kwake. Ndiyo maana hukutana hekaluni. Wanakubaliana nani aanze, nani afuate, bonde lipi lilale, kwa kufuata kalenda ya siku 210 na ratiba ya sherehe za mahekalu. Sadaka ya kufungua maji na ahadi ya kumwachia jirani maji hutolewa mahali pamoja, mbele ya mungu mmoja. Mkataba ulioapiwa mbele ya aliyekupa maji ni mzito kuliko karatasi.

Mwaka 1966 taasisi ya utafiti wa mpunga iliyoko Los Baños, Ufilipino, ilitoa aina ya IR8: mfupi, unaokomaa upesi, unaozaa sana ukipewa mbolea. Aina nyingine zikafuata. Serikali ya Indonesia, iliyokuwa ikiagiza mchele mwingi kutoka nje, ilizihimiza kwa nguvu zote katika miaka ya 1970, na wakulima wa Bali wakaambiwa wapande mara nyingi wawezavyo, kila mtu na shamba lake, bila kungoja zamu ya hekalu. Siwalaumu waliotaka watu washibe. Mavuno yalipanda kweli, na mwaka 1984 Indonesia ilitangaza kwamba imejitosheleza kwa mchele.

Lakini Bali majaruba yalikuwa hayalali tena. Wadudu wadogo wa kahawia waitwao wereng, wanaofyonza maji ya shina mpaka mpunga ukauke kama uliochomwa moto, walihama kutoka shamba hadi shamba kwa kuwa daima palikuwa na shamba bichi. Ugonjwa wa mpunga uitwao tungro ukaja, panya wakaja, maji yakagombaniwa. Dawa zilipopigwa ziliua na buibui waliokuwa wakiwala wadudu hao. Tatizo la wereng lilikuwa la nchi nzima, hata mwaka 1986 serikali ikapiga marufuku aina 57 za dawa zisitumike kwenye mpunga. Kinachoniuma katika kisa hiki ni kwamba sadaka hazikukoma. Watu waliendelea kuzipeleka mahekaluni, maua na wali na uvumba, huku zamu za maji zikipangwa kwingine.

Stephen Lansing, mwanaanthropolojia wa Marekani, ndiye aliyeshikilia kwamba mahekalu yale yalikuwa yakiendesha kilimo. Yeye na mwanaikolojia James Kremer walitengeneza programu ya kompyuta ya subak 172 zilizo kati ya mito Oos na Petanu, wakajaribu mipango mbalimbali: kila subak ijipangie, wote wapande pamoja, na ile iliyo katikati ya hizo. Mpango uliotoa mavuno makubwa zaidi ulikaribiana sana na ule wa mahekalu. Benki ya Maendeleo ya Asia, iliyokuwa imegharamia mradi mkubwa wa umwagiliaji kisiwani humo, mwishowe nayo ikakiri umuhimu wa mahekalu hayo. Mwaka 2012 UNESCO ikaiweka subak kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Hapa ndipo wengi wanaoipenda habari hii husimama, na mimi sisimami nao. Husema: kumbe ibada ile ilikuwa sayansi iliyofichwa! Hapana. Hakuna aliyeificha. Wakulima wale hawakufanya hesabu ya wadudu kisha wakaipaka uvumba. Walianza na kuamini kwamba maji si yao na mpunga ni mtu, na kutokana na imani hiyo wakaweza kukaa kikao kimoja, wa juu na wa chini, mwaka baada ya mwaka, bila mmoja kumpokonya mwenzake. Ukiisifu ibada kwa sababu kompyuta imeipa alama nzuri, siku kompyuta itakapotoa jibu jingine utaitupa. Novemba 2019 Naruhito, mfalme mkuu mpya wa Japani, alikesha usiku akiwatolea miungu mchele mpya uliovunwa katika mashamba mawili, moja la Tochigi na moja la Kyoto, yaliyokuwa yamechaguliwa kwa kusoma nyufa za gamba la kasa lililopashwa moto. Nchi ile haikufanya hivyo ili ivune gunia moja zaidi. Kuna shukrani inayotolewa kwa sababu ni haki yake kutolewa.

Sasa mashamba ya Bali yanauzwa. Hoteli na nyumba za wageni zinataka ardhi ileile na maji yaleyale, na anayenunua shamba la juu ya mto hanunui zamu yake hekaluni. Anaweka ukuta, anachimba bwawa la kuogelea, na subak inabaki na pengo pale palipokuwa na mtu wa kukubaliana naye. Wageni huenda kwenye mashamba ya ngazi ya Jatiluwih, hukohuko Bali, kupiga picha za ukijani ule. Laiti wangeambiwa kwamba ukijani huo ni watu waliokubali kungojana.

Na bado asubuhi, mjini Denpasar kama kijijini, wali ukishaiva hakuna anayeonja kwanza. Mama wa nyumba hukata vipande vidogo vya jani la mgomba, anaweka kwenye kila kimoja tonge la wali lisilozidi ncha ya vidole, na chembe ya chumvi. Kimoja hukiacha jikoni penye moto, kimoja penye maji, kingine mlangoni, kingine penye kinu au pale kinu kilipokuwa zamani. Huitwa saiban. Siku hizi mchele huo mara nyingi ni wa dukani, wa mfuko, umetoka shamba asilolijua. Anauwekea vilevile, kisha anaita watoto waje kula.